Blazoni: namna ya kuiandika nembo ya kikundi chako kwa maneno kabla hujamtafuta mchoraji

Ukitembea Tanga mjini kuanzia Chumbageni mpaka Ngamiani kule kwenye barabara za namba, nembo ziko kila mahali, za shule, madrasa, timu za mtaa, vikoba, vikundi vya wavuvi, vijana wa bodaboda na rifleksa zao. Sasa ziangalie kwa makini. Utakuta nembo ya ukutani siyo ile ya kwenye jezi, ya kwenye jezi siyo ile ya kwenye muhuri, samaki huku anaangalia kulia kule anaangalia kushoto, bahari huku buluu kule kijani, kwa sababu kila fundi alikopi kazi ya fundi aliyemtangulia na yule wa kwanza kabisa keshahama mji au faili lake lilikufa na kompyuta. Mimi nachora mabango na kuta hapa hapa Tanga na kitu ninachotaka kila kikundi kijue kabla hakijatoa hata shilingi ni hiki, nembo haikai kwenye mchoro, inakaa kwenye maneno. Ukiwa na maneno yake sawasawa mchoro utaupata tena hata ukipotea mara mia. Hayo maneno yana jina lake, blazoni.

Neno lenyewe limetokea Ufaransa. Kwenye Kifaransa cha zamani blason ilikuwa ni ngao, ngao yenyewe ya vitani, baadaye jina likahamia kwenye michoro iliyo juu ya ngao, halafu likahamia tena kwenye maelezo ya hiyo michoro na hapo ndo likatulia. Lilipovuka kwenda Uingereza likakutana na neno jingine la kale la kupuliza baragumu na kutangaza, yakachanganyika, ndo maana mpaka leo Waingereza wanalitumia pia kwa maana ya kutangaza jambo hadharani. Na inaingia akilini kabisa, maana waliokuwa wakizisoma hizo ngao walikuwa wapiga mbiu. Kwenye mashindano ya wapanda farasi mtu kafunikwa chuma mwili mzima, uso humuoni, mpiga mbiu anaitazama ngao anapaza sauti kuwajulisha watu aliyeingia uwanjani ni nani. Na mbiu sisi watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa, mbiu ya mgambo ikilia ina jambo.

Ushahidi wa zamani upo mpaka leo. Geoffrey, mtawala wa Anjou huko Ufaransa, alifariki mwaka 1151, kipo kibao cha enameli huko Le Mans, Ufaransa, kinamuonyesha kashika ngao ya buluu yenye simba wa dhahabu, halafu mjukuu wake William Longespée kaburi lake lipo Salisbury, Uingereza, na ngao iliyochongwa pale ni ya simba wale wale. Kwa hiyo hapo tayari alama imeshakuwa ya kurithiwa, inatoka kwa babu inafika kwa mjukuu. Michoro hiyo hiyo ilishonwa kwenye kanzu isiyo na mikono waliyoivaa juu ya dirii, ndo sababu Waingereza nembo ya ukoo au ya taifa wanaiita kwa jina la koti mpaka leo.

Ila usidhani hii ni habari ya Wazungu peke yao. Mamluki, wale askari wa asili ya utumwa waliotawala Misri na Sham kuanzia 1250 mpaka 1517 walikuwa nazo vilevile, amiri aliyekuwa saki wa sultani, yaani mnyweshaji wake, alama yake kikombe, mtunza silaha alama yake upanga, katibu alama yake kasha la kalamu, na Sultani Baybars mwenyewe alijichukulia simba, wakazichonga kwenye misikiti, madaraja, taa za vioo na masinia ya shaba. Wao walikuwa wanaita rank, na rank asili yake ni neno la Kiajemi rang, ndo hiyo hiyo rangi tunayonunua kwa kopo dukani. Na hili neno letu nembo nalo kabla halijafika kwenye barua za serikali lilikuwa ni chale za mwilini. Wamakonde waliokuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga walikuja nazo usoni, wenyewe wakisema dinembo, ukikutana na mtu unajua katokea wapi kabla hajafungua mdomo. Ninayasema haya ili usione unaiga kitu cha watu, kujitambulisha kwa alama iliyopangwa ni kazi ambayo huku kwetu imefanyika siku zote.

Haya, tuje kwenye kuandika.

Kama umewahi kumsikia mama anaagiza khanga kwa simu basi blazoni umeshaisikia. Anasema pindo jeusi lenye korosho nyekundu, mji mweupe, katikati nanasi moja kubwa, jina lake hili na hili, na muuzaji anatoa doti ile ile bila kutumiwa picha. Siri ni utaratibu, wote wawili wanajua kipi kinatajwa kwanza na kipi kinafuata. Kwenye ngao utaratibu ni huu: unaanza na uwanja, yaani ile rangi ya nyuma iliyolala chini ya vitu vyote. Kama uwanja umegawanywa unasema umegawanywaje, kwa kusimama, kwa kulala au kwa mshazari. Halafu alama kuu, ngapi, imekaaje, rangi gani. Halafu vile vidogo vinavyoizunguka. Halafu kichwa cha ngao kama kipo, yaani kile kipande cha juu kinachotengwa kwa mstari wa kulala. Mwisho kabisa vilivyo nje ya ngao, watu au wanyama wanaoishika na kaulimbiu ya chini.

Blazoni inaweza kuwa fupi mno. Angalia hii: "Buluu, mshazari wa dhahabu." Basi, imeisha, ni nembo kamili. Na hii hii iliwapeleka watu mahakamani huko Uingereza, wapiganaji wawili, Scrope na Grosvenor, kila mmoja anasema ni ya kwake, kesi ikaanza 1385 ikaisha 1390, mashahidi kibao waliitwa akiwemo mshairi Geoffrey Chaucer, na Scrope ndo akashinda. Hakuna aliyekuja kubishana kuhusu upana wa mshazari au buluu imekolea kiasi gani, kilichogombewa ni yale maneno. Hapo ndo uelewe kwanini nasema nembo ni maneno, mafundi wawili wakichora buluu yenye mshazari wa dhahabu, mmoja mwembamba mwingine mnene, wote wamechora nembo ile ile na wote wako sahihi.

Kulia na kushoto ndo panapoharibu kazi nyingi. Kwenye ngao kulia ni kulia kwa yule aliyeibeba, siyo kwako wewe unayeitazama. Jiweke nyuma ya ngao umeishika, mkono wako wa kulia uko wapi, hapo ndo kulia, na anayekutazama kwa mbele hapo anapaona ni kushoto kwake. Mnyama au chombo kama hujasema kitu kinaelekea kulia kwa mbebaji, ndo kawaida yake. Kwenye bendera upande wa mlingoti ndo unahesabika kulia, kwa hiyo simba wa kwenye bendera anautazama mlingoti. Ukimpa fundi kazi mwambie hili mapema tena mara mbili, na kwenye sentensi andika "kulia kwa mbeba ngao" kwa kirefu, usiandike kulia tupu.

Sasa rangi, na hapa naomba utulie kidogo kwa sababu hii ndo sheria iliyo bora kuliko zote kwenye kazi hii na ukiishika utakuwa mbele ya wachoraji wengi wenye kompyuta za bei. Rangi zimegawanywa makundi mawili. Kuna madini, nayo ni mawili tu, dhahabu ambayo unaweza kuipaka njano, na fedha ambayo unaweza kuipaka nyeupe. Halafu kuna rangi zenyewe, nyekundu, buluu, kijani, nyeusi na zambarau. Sheria inasema madini yakae juu ya rangi na rangi ikae juu ya madini, usiweke rangi juu ya rangi wala madini juu ya madini. Kwanini? Kwa sababu ya macho. Ngao ilitakiwa kusomeka kwa mbali kwenye vumbi na watu wanakimbia, na bango letu linatakiwa kusomeka kutoka kwenye daladala, jua la saa saba linapiga na ukuta umeshapauka kwa chumvi ya bahari. Weka maandishi mekundu juu ya kijani halafu vuka barabara uyatazame, yatakupotea. Weka njano juu ya nyeupe, vivyo hivyo. Ufalme wa Yerusalemu wa wale wapiganaji wa msalaba uliivunja makusudi, misalaba ya dhahabu juu ya fedha, na umaarufu wake wote ni kwa sababu umekwenda kinyume na wenzake.

Ukitaka kuona sheria hii imeshikwa sawasawa tazama bendera yetu. Kijani juu, buluu chini, nyeusi inapita katikati kwa mshazari, zote tatu ni rangi, zingegusana zingemezana kwa mbali. Ndo maana ipo ile mistari miwili membamba ya njano, mmoja kila upande wa nyeusi, dhahabu imeingia kutenganisha rangi na rangi. Tunafundishwa njano ni madini ya nchi, na ni kweli, lakini jicho la fundi linaona pia kwamba bila ile njano bendera nzima ingekuwa giza. Bendera ya Tanganyika ya 1961 nayo ilikuwa hivyo hivyo, kijani na nyeusi zimetengwa na njano, buluu ikaja 1964 upande wa Zanzibar ulipoungana nasi. Kwa hiyo na wewe ukilazimika kuweka kijani karibu na nyeusi pitisha mstari mweupe au wa njano katikati, na uutaje kwenye sentensi.

Halafu usitaje kivuli cha rangi. Kwenye blazoni buluu ni buluu, hakuna buluu ya bahari wala buluu iliyokolea. Ukipenda namba ya kopo la rangi iandike kwenye karatasi nyingine ya fundi, maana kiwanda kikibadilisha namba nembo yako isije ikabadilika nayo. Na zile rangi zinazoyeyukiana, huku chungwa inaishia njano, ambazo watu wanazipenda sana kwenye Canva, ile programu ya kuchorea, hizo hazisemeki kwa sentensi na hazichoreki ukutani kwa brashi, achana nazo.

Zoezi zuri la kujifunza ni Bibi na Bwana, nembo ya taifa, ipo kwenye kila cheti nyumbani kwako. Isome kama mpiga mbiu. Ngao juu ina sehemu ya dhahabu yenye mwenge unaowaka, inafuata bendera ya taifa, chini yake nyekundu ambayo ndo udongo wetu, kuna shoka na jembe vilivyopishana na mkuki, na chini kabisa mikanda ya mawimbi buluu na nyeupe. Mikanda ya mawimbi namna hiyo ni lugha ya zamani ya ngao kwa ajili ya maji, ukiiona popote duniani jua hapo kuna bahari, ziwa au mto. Ngao imesimama juu ya Kilimanjaro, mwanamume na mwanamke wameshika pembe za ndovu, miguuni kwa mwanamume mkarafuu, miguuni kwa mwanamke mpamba, na kaulimbiu Uhuru na Umoja. Hakuna kofia ya chuma juu yake kama zilivyo nyingi za Ulaya, na haikosi kitu. Ukiweza kuisema yote bila kuitazama, mpangilio wa kazi hii umeshakukaa kichwani.

Kuchagua alama ya kuweka, hapa Tanga hatuna shida. Mkonge upo, uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893 na majani yake yaliyosimama kama yalivyo yanatambulika hata ukiyachora kwa mistari saba. Jahazi lipo. Machungwa ya Muheza yapo, ingawa chungwa likichorwa peke yake ni duara tu, lipe na kikonyo na majani mawili. Lipo lile ua dogo la zambarau la misitu ya Usambara ambalo dunia nzima linapandwa madirishani, jina lake la kisayansi la awali, Saintpaulia, lilitokana na Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani wa huku. Na yupo silikanti, samaki aliyedhaniwa keshatoweka mpaka alipoonekana Afrika Kusini mwaka 1938, nasi tunaye kwenye maji yetu na hifadhi yake ya bahari ilianzishwa 2009. Huyu mimi ndo nampenda kuliko wote kwa ngao za Tanga, ana mapezi yenye vikonyo vya nyama na mkia wa mapande matatu, ukimpaka rangi moja tu bado hafanani na samaki mwingine yeyote. Hicho ndo kipimo cha alama nzuri, ijaze nyeusi yote, kama bado inajulikana ni kitu gani ichukue.

Chukua moja. Nikiletewa nembo ina mpira, kitabu, mwenge, mikono inayoshikana, ramani ya Tanzania na mnazi ndani ya ngao moja huwa nakaa na viongozi chini tunaongea mpaka zibaki mbili, maana kwenye beji ya shati la mtoto wa shule vyote hivyo vinageuka doa. Na jina la kikundi lisiingie ndani ya ngao, liende kwenye utepe wa chini.

Mkao nao usemwe. Simba anayetembea siyo simba aliyesimama kwa miguu ya nyuma na makucha mbele, kwenye lugha ya ngao hao ni wawili tofauti na wanaweza kuwa wa koo mbili tofauti. Jahazi tanga limejaa upepo au limekunjwa? Samaki anaogelea kwa kulala au kasimama wima? Kitu kikiwa na rangi yake ya asili, kama mtu au mnazi, andika "rangi yake halisi", inatosha.

Nikiweka yote pamoja, kikundi cha wavuvi wenye watoto wao wa timu kinaweza kuandika hivi:

"Uwanja buluu. Jahazi la dhahabu, tanga limejaa upepo, linaelekea kulia kwa mbeba ngao. Kichwa cha ngao cheupe, chenye miche mitatu ya mkonge ya kijani iliyopangwa kwa mstari wa kulala."

Pima sheria ya rangi: dhahabu juu ya buluu, sawa, kijani juu ya nyeupe, sawa. Nyingine fupi zaidi: "Uwanja mwekundu. Silikanti wa dhahabu anaogelea kuelekea kulia kwa mbeba ngao, kati ya mikanda miwili myeupe ya mawimbi, mmoja juu mmoja chini." Kiswahili kinaifanya kazi hii vizuri kwa sababu sisi tunataja kitu kwanza rangi inafuata, na Wafaransa walioanzisha ndo walivyokuwa wanafanya.

Ukimaliza jaribu. Isome kwenye voisi ya WhatsApp, watumie watu watatu ambao hawajawahi kuiona nembo, mmoja mwanafunzi, mmoja mtu mzima, mmoja yeyote, wachore kwa kalamu na wakutumie picha. Usiwajibu maswali. Ziweke tatu pamoja, ubora wa mkono usiujali kabisa, angalia wametofautiana wapi. Kama mmoja kaweka mkonge umepandana na mwingine kaupanga, sentensi yako ina tundu hapo, zibe, tuma kwa watu wengine. Mara nyingi tundu linakuwa kwenye idadi na mpangilio, siyo kwenye rangi.

Muhuri una wino mmoja, sasa rangi utazionyeshaje? Jibu lipo tangu zamani, padre wa Italia wa shirika la Wajesuiti, Silvester Petra Sancta, aliutumia utaratibu huu kwenye kitabu chake cha 1638 na dunia yote ya ngao ikaufuata. Dhahabu ni nukta nukta. Fedha unaacha tupu. Nyekundu ni mistari ya kusimama, buluu mistari ya kulala, nyeusi mistari ya kusimama na ya kulala imekatana. Kijani ni mishazari inayoshuka kutoka juu kulia kwa mbebaji kwenda chini kushoto kwake, na zambarau mishazari ya upande wa pili. Mpe fundi mihuri maelekezo hayo, na ukikuta ngao ya kizamani imechongwa kwenye jiwe au imechapwa nyeusi na nyeupe na ina mistari hiyo, utaweza kuisoma rangi zake zote.

Mambo ya sheria kwa ufupi. Bibi na Bwana usiiweke kwenye nembo yako bila ruhusa, ni mali ya taifa na ina sheria yake. Nembo ya biashara inasajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara. Ukienda kusajili wapelekee mchoro safi, maneno wewe unabaki nayo.

Na yakae pa kudumu, yaani kwenye katiba ya kikundi. Weka kipengele cha nembo, andika blazoni nzima neno kwa neno, chini yake ongeza mstari mmoja kwamba mchoro wowote unaofuata maneno haya ni nembo halali na usioyafuata siyo, mchoro wenyewe uende kwenye kiambatisho kama mfano tu. Mkutano mkuu uipitishe, katibu apige fotokopi, nakala moja abaki nayo mwenyekiti, moja mweka hazina, na moja apewe kila fundi siku anayopewa kazi, kabla hajafungua kopo.